Denge, Yasmin na Faili la Inspekta
Mhadhara wa umma, Kikwajuni, Unguja



Septemba 2021 filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute, ilioneshwa katika tamasha la Toronto. Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Nimewasikia wanaosema ni filamu ya siasa iliyoharibiwa na mapenzi. Wengine wanasema ni ya mapenzi, siasa imetiwa ili ipate heshima. Wote sikubaliani nao.

Hadithi mnaijua, maana riwaya ya Adam Shafi ilitoka 1999. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa Bwana Raza, mwenye duka wa umri wa kumzaa. Anakimbia, anapokewa mtaani Ng'ambo na mwanamke aitwaye Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayewindwa kwa siasa zake na Inspekta Wright wa polisi ya kikoloni. Aliyezoea filamu za kijasusi huanza kungoja usaliti: huyu msichana si bure, atakuwa chambo. Anachokipata ni penzi, tena la kweli.

Na penzi hilo lina kazi. Ng'ambo nyumba zimebanana. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Mwenye siri ya siasa na mwenye siri ya mapenzi wanategemea mambo yale yale: usiku, uchochoro wa nyuma, shoga wa kuaminika, hodi ya chini chini. Askari kanzu aliyejibanza pembeni atajuaje kilichomtoa mtu nje saa sita za usiku?

Serikali ya kikoloni makala ilijua kuyashitaki. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walifikishwa mahakamani kwa uchochezi, kisa ni yaliyoandikwa katika gazeti la Al-Falaq. Gazeti lina mhariri na tarehe. Lakini binti wa Kihindi ampendaye Mswahili mkomunisti, katika mji ambao Mwingereza aliwahesabu watu kwa makabila yao na kutaka kila mmoja abaki kwao, angeshitakiwa kwa kifungu gani? Hapo ndipo faili la inspekta linapopwaya, na hapo ndipo siasa ya filamu hii ilipo.

Lawama yangu ni moja: picha zake ni nzuri mno, hata dhiki inang'ara. Muulizeni mzee yeyote aliyekaa kibandani hapa, kabla Wajerumani wa Mashariki hawajatujengea haya maghorofa baada ya Mapinduzi, kama dhiki ilikuwa na rangi zile.

Riwaya inathubutu zaidi. Denge anaondoka, na Yasmin anaolewa na mwanamume mwingine, Bukheti. Wanafunzi wangu hukasirika wakifika hapo. Wanataka Denge awe tuzo ya ushujaa wa Yasmin. Mie nawauliza: aliikimbia nyumba ya Bwana Raza ili akae eda ya mapambano ya mtu mwingine? Alitaka kujichagulia mume, na alijichagulia.

Nina ombi kwa chuo chetu. Riwaya na filamu zisomeshwe pamoja, na filamu isingoje tamasha la filamu la Ngome Kongwe. Ioneshwe bure hapa hapa Kikwajuni, kwenye uwanja wa Mao Zedong, wazee wakae viti vya mbele, kisha wapewe kipaza sauti watwambie Shivji amepatia wapi na amekosea wapi. Ifanyeni mwaka huu, maana walioiona Unguja ile kwa macho yao wanazidi kupungua.