Je, Tabo ya Lori Yataka Haozingi Yenye Mfereji?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi, madereva na mataniboi katika mkutano wa tawi



Kamati ya tawi imetutaka tuseme juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika magaraji, na ambalo sasa limekwisha kuingia katika mishahara ya watu. Lori linapanda kutoka Nakuru kwenda Timboroa na mzigo wake. Tabo inaanza kukohoa, kuh-kuh-kuh, na baada ya siku chache inakufa. Tajiri asema dereva ameiua. Nyapara asema kosa ni la fundi aliyeifunga. Muuza spea naye asema hakuna aliyekosa, mnunue tu haozingi mpya yenye mfereji na kikohozi kitakwisha. Hawa watatu hawawezi kuwa wakweli wote, na kabla mwenzetu hajakatwa hata senti moja, yafaa tukitazame chombo chenyewe.

Tabo si uchawi. Aliyeiandikisha kwanza ni Mswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Moshi utokao katika injini unazungusha gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo limeungwa kwa shafti moja na gurudumu la pili, ambalo lavuta hewa kupitia filta na kuisukuma injinini kwa presha. Katika lori kubwa shafti hii yaweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika, na nyingi huelea juu ya utando mwembamba wa oili tu. Haozingi tunayoizungumzia ni ile nyumba ya chuma inayofunika gurudumu la upande wa hewa.

Sasa kikohozi. Fikirini makuli wa bandarini wanaopanda ubao na magunia. Wakienda mfululizo, kazi yaenda. Lakini ghala likijaa, na wa mbele wakasimama, wa nyuma wanarudishwa kinyumenyume, ubao unapwaya, kisha wanaanza tena, kisha wanarudishwa tena. Hewa hufanya vivyo hivyo. Presha ya mbele ikiwa kubwa na injini inavuta hewa kidogo, hewa huachana na mapanga na kurudi ilikotoka. Presha inashuka, mapanga yanashika tena, na mambo yanarudia mara nyingi kwa sekunde moja. Mlio mnaousikia ndio huo. Kila mara hewa inaporudi, shafti inasukumwa mbele na nyuma, na beringi inayozuia shafti isisogee ndiyo inayolipa. Ikilika, gurudumu lagusa nyumba yake, sili za oili zaanza kuvuja, na tabo imekwisha.

Mlio mmoja mfupi wakati wa kubadili gia si jambo la kutisha sana, maana injini inapunguza mwendo ghafula na gurudumu la tabo bado lina kasi yake. Cha kuogopa ni kikohozi kisichokoma lori likiwa limebeba mzigo mlimani.

Haozingi yenye mfereji ina mwanya uliochongwa katika ukuta wake, nyuma kidogo ya mahali mapanga yanapoanza kushika hewa, na mwanya huo una njia ya kurudi mlangoni. Injini ikitaka hewa kidogo, sehemu ya hewa inatoka kwa mwanya na kurudi mlangoni, ikavutwa tena, na kwa hivyo mapanga yana hewa ya kutosha ya kushika ingawa injini haijaichukua yote. Injini ikitaka hewa nyingi sana, mwanya huo huo hugeuka kuwa mlango wa pili wa kuingizia. Ni akili nzuri. Lakini si ya bure: tabo inapiga kelele zaidi, na nguvu kidogo inapotea kwa kuisukuma hewa ile ile mara mbili.

Je, yahitajiwa? Jibu letu ni hili: kama tabo ilitoka kiwandani bila mfereji, na ni ile ile ambayo injini hiyo ilipangiwa, haikuwa ikikohoa ilipokuwa mpya. Ikianza kukohoa leo, kuna kitu kilichobadilika, na mfereji utakificha tu. Tazameni filta iliyojaa vumbi. Tazameni hosi ya kuingizia hewa iliyolegea ikajifinya. Tazameni kula ya hewa iliyoziba, na mapanga yaliyoliwa na mchanga kwa sababu mtu alifunga filta ya bei rahisi. Katika malori mapya kuna mapanga madogo yanayojigeuza upande wa moshi. Yakiganda kwa masizi yakiwa yamejifunga, tabo itakohoa hata ukiifungia haozingi ya dhahabu. Na ulizeni pampu ya dizeli ilifunguliwa na nani. Matajiri wengine hupenda lori livute zaidi ya lilivyoundwa, pampu ikaongezwa, moshi ukawa mwingi, tabo ikajaza presha wakati injini ingali na mwendo mdogo. Dereva hakuigusa pampu hiyo.

Palipo na haja ya kweli ni kwa injini inayofanya kazi karibu na mpaka wa kikohozi kwa sababu ya kazi yenyewe: presha kubwa kwa mwendo mdogo, na milima. Hapa kwetu hilo si jambo la vitabuni. Nairobi presha ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18, na Timboroa, karibu mita 2,740 juu ya bahari, ni pungufu kwa karibu asilimia 28. Tabo inajaribu kulipa upungufu huo kwa kuzunguka kasi zaidi, na mpaka unakaribia. Ndiyo maana tabo nyingi za malori makubwa hutoka kiwandani zikiwa na mfereji tayari. Basi ikivunjika moja ya hizo, msikubali kuletewa isiyo na mfereji ati kwa kuwa boliti zake zinaingia sawasawa.

Wala mtu asidhani haozingi hununuliwa peke yake kama kofia. Nafasi baina ya ncha za mapanga na ukuta ni sehemu ndogo tu ya milimita. Haozingi ya gurudumu jingine ama itagusa, ama itaacha nafasi kubwa na presha ipotee. Fundi anayeambiwa afunge tu alete lori barabarani aandike katika kadi ya kazi kwamba aliagizwa, na na nani.

Dereva naye ana dawa yake, na ni ya bure. Lori likikohoa mlimani, shusha gia. Injini itapanda mwendo, itavuta hewa zaidi, na kikohozi kikinyamaza utajua ni cha mwendo mdogo. Andika katika kitabu cha gari siku hiyo hiyo: mahali, mzigo, gia. Kitabu hicho kina nguvu kuliko maneno kumi ofisini.

Maana twaja sasa kwa pesa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kukusudia la mfanyi kazi. Kukusudia, ndugu zangu. Filta ambayo hamkununuliwa si kosa lenu la kukusudia. Na kifungu cha 41 chasema kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa chama kazini aliyemchagua mwenyewe. Ukiitwa kwa sababu ya tabo, usiingie peke yako, na uombe tabo iliyokufa iwekwe mezani. Beringi iliyolika, mapanga yaliyoliwa na mchanga na masizi vyote huonekana kwa macho.

Wale wenye magari madogo ya petroli wametuuliza pia, kwa sababu yao hupiga chu-chu-chu mguu ukiinuliwa. Hiyo ni habari nyingine. Pale kuna kilango kinachofungwa ghafula mbele ya hewa, na kinachotakiwa ni vali ya kuitoa hewa hiyo. Mfereji hautaitosha kazi hiyo. Dizeli nyingi za malori hazifungi hewa namna hiyo, basi asije mtu akawauzia vali hizo.

Walio zamu ya usiku watapata nakala ya karatasi hii kwa katibu wa tawi. Mwenye tabo iliyokufa na ailete Jumamosi, tuifungue pamoja.