Tundu la Jino Lizibwe na Nini?

Leo tunazungumzia kuziba jino.

Miongoni mwa vizibo visivyo na zebaki, viwili hutumika sana. Cha kwanza ni rezini. Hufanana na rangi ya jino na huhimili kutafuna. Lakini kwa kawaida huhitaji taa ya mwanga wa buluu ili igande, na jino liwe kavu kabisa. Mate yakiingia, haishiki vizuri. Tena husinyaa kidogo inapoganda, ndiyo maana huwekwa tabaka kwa tabaka.

Cha pili ni glasi ayonoma. Huchakaa upesi zaidi, ila hushikana na jino yenyewe, hutoa floraidi, na yaweza kuganda bila taa wala umeme. Ndiyo hutumika sana katika mbinu ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono, bila mashine. Mbinu hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Basi muulize daktari: kwa jino langu hili, kipi kinafaa? Na uende mapema, tundu likiwa dogo. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.