Dawa za Kuzuia Damu Kuganda: Mazungumzo kwa Vyama vya Msingi



Kila mkulima wa Kinole anayepalilia migomba kwenye miteremko ya Uluguru anajua faida ya damu kuganda. Panga likikata kidole, damu hutoka, kisha huganda, na jeraha hufungika. Lakini kinga hiyo hiyo hugeuka hatari damu inapoganda ndani ya mshipa usio na jeraha. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo huleta kiharusi. Likitoka mguuni na kufika mapafuni, laweza kuua kwa muda mfupi.

Walio hatarini zaidi ni wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, waliowekewa vali ya bandia moyoni, na waliolala kitandani muda mrefu baada ya upasuaji au kuvunjika mfupa. Wengi wao hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na iliyozoeleka miongoni mwake ni warfarini.

Husemwa kuwa dawa hizi huifanya damu iwe nyepesi. Kwa kweli damu haigeuki maji. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Warfarini hupunguza kazi ya vitamini hiyo, na damu huchelewa kuganda. Dawa haiyeyushi bonge lililokwisha kutokea, bali hulizuia lisikue na jingine lisizuke.

Asili ya dawa hii ni shambani. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani na Kanada walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alimpelekea mtaalamu Karl Link kopo la damu isiyoganda. Utafiti wa Link na wenzake ulizaa warfarini, iliyouzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikakubaliwa kutibu binadamu. Kwa hiyo kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu, na mtu asithubutu kamwe kutumia sumu ya panya kama dawa.

Mwanachama anayetumia warfarini na azingatie haya:

Kwanza, ameze dawa kila siku kwa saa ile ile. Asiache kwa kuwa amepata nafuu au kwa kuwa msimu wa mavuno umewadia. Bonge halisubiri msimu. Akisahau, asimeze dozi mbili kwa pamoja.

Pili, ahudhurie kipimo cha damu kwa tarehe aliyopangiwa, hata kama ni safari ya kushuka Morogoro mjini.

Tatu, asiache mboga za majani kama mchicha na kisamvu, ila ale kwa kiasi kisichobadilika sana, kwani zina vitamini K.

Nne, asitumie aspirini, dawa nyingine za maumivu wala za mitishamba kabla ya kumwuliza daktari. Mama mjamzito, au anayetarajia mimba, amweleze daktari mapema.

Tano, akiona damu katika mkojo, choo cheusi au fizi zinazovuja, au akianguka na kugonga kichwa, aende kituo cha afya bila kungoja.

Vyama navyo vina wajibu. Mwanachama wa namna hii asitumwe kukwea mkarafuu. Apewe kazi ya kuanika au kupima mazao. Makatibu wasome maelezo haya mikutanoni, na siri ya kila mgonjwa ilindwe.