Eliya alilala kwanza

Eliya alipochoka hata kuomba kufa, malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwambia ale. Eliya akala, akalala tena.

Sisi wachungaji tulifanya vingine. Mama mmoja, mwenye mtoto wa majuma matatu, hakulala tena, alisikia sauti. Tukasema ni pepo. Tulimweka chumba cha maombi siku nne, bila chakula. Maziwa yakakauka. Shemeji yake ndiye aliyemtoa na kumpeleka kituo cha afya, sisi tulimkasirikia.

Munganga hakuanza na sindano. Aliuliza: Unalala? Sauti zinakuambia nini? Umewaza kujiua, ao kumwumiza mtoto? Akaita bwana yake pia. Siku ileile akaandika karatasi ya kumtuma Sosame, Bukavu. Tangu arudi nyumbani, munganga yuleyule anamwona kila mwezi, anamuuliza usingizi na chakula, anamfuatilia dawa.

Tulimwomba mama huyu msamaha mbele ya jamaa yake. Tunaomba pamoja naye, na dawa anakunywa. Mtu asimwambie azitupe, hata akiwa nabii. Kupunguza ni kazi ya munganga. Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, asingoje ibada. Aje kwetu leo, tumsindikize kituoni.