Vikaragosi na Yaliyotupata
(Maneno ya walimu kwa kikundi cha maigizo, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Sisi walimu tumeombwa kusema juu ya mchezo wa kuigiza na historia. Tutasema habari za mchoraji mmoja wa Johannesburg, William Kentridge, aliyezaliwa mwaka 1955. Yeye huchora kwa makaa, hupiga picha, hufuta kidogo, huchora tena palepale na kupiga nyingine. Picha zikiunganishwa, mchoro hutembea. Lakini makaa hayafutiki kabisa. Alama ya kilichokuwapo hubaki kwenye karatasi. Mwalimu anayefuta ubao kwa kiganja anaelewa.

Mwaka 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika ya Kusini ilianza kusikiliza mashahidi. Mwaka 1997 Kentridge aliongoza mchezo uitwao "Ubu and the Truth Commission", ulioandikwa na Jane Taylor, pamoja na mafundi wa vikaragosi wa Handspring. Mtesaji aliigizwa na mtu. Mashahidi walikuwa vikaragosi vya mti, na maneno yao yalitoka katika ushahidi wenyewe uliotolewa mbele ya Tume. Wachezeshaji hawakujificha. Walisimama kando ya kikaragosi, nyuso zikionekana, wakikishika kama mtu amshikavyo mgonjwa. Hakuna aliyejifanya kuwa ndiye mama aliyefiwa.

Hapo ndipo penye ombi letu. Vijana, mchezo wenu wa safari mmeufanyia bidii, tumeuona. Yule msichana anayemlilia mwanawe njiani analia vizuri mno, na watoto wanampigia makofi. Lakini safu ya mbele hukaa akina mama ambao jambo hilo liliwapata kweli. Mwaka jana wawili waliinuka wakaondoka kimya. Wageni walidhani wamechoshwa na jua.

Basi tengenezeni vikaragosi. Kuni hatuzichezei, lakini magunia, matambara na maboksi yapo. Kabla ya kutia neno la mtu kinywani mwa kikaragosi, mwendeeni mwenyewe, mketi naye, aseme lipi litamkwe na lipi libaki nyumbani kwake. Akikataa, kikaragosi chake kisimame tu, kisiseme. Nanyi ndugu wa mashirika, tunaomba gundi na rangi, na kamera zipumzike wakati huo.

Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha darasa la nne.