Taa Kwanza, Rangi Baadaye: Kulinda Gari la Kazi Katika Njia za Mkuyuni

Magari ya kazi yanayopanda na kushuka kati ya Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Kisaki huzeeka usoni kabla injini haijachoka. Vioo vya taa vinafubaa na kugeuka njano, boneti inajaa vidonda vya kokoto, milango inabeba mikwaruzo ya matete, na nyuma ya madigadi kutu inaanza kula bodi kimyakimya. Lawama zote hutwikwa barabara, kisha mazungumzo yanaishia kwenye vifaa: tufunge ngao gani, tununue wavu upi, tubandike plastiki ya aina gani. Mada hii inadai kwamba tumeanzia mwisho. Sehemu kubwa ya uharibifu inatokana na mambo matatu yaliyo mikononi mwa dereva na mwosha gari, yaani mwendo, umbali kutoka gari lililo mbele, na namna uchafu unavyoondolewa. Vifaa vina nafasi yake na nitaieleza, ila haviwezi kufidia uzembe katika hayo matatu. Ndani ya dai hilo lipo lingine ninalolitilia mkazo zaidi: fedha au muda unapokuwa haba, taa zitangulie rangi.

Tuanze na ardhi tunayoikanyaga, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengine. Safu ya milima ya Uluguru, zinakopita njia hizi, imejengwa kwa miamba ya kale sana, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Miamba hiyo inapooza kwa mvua na jua, madini yake hayaozi kwa pamoja. Mengi hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, chuma kilichomo hupata kutu na kuupa udongo ule wekundu tunaoujua, lakini kwatzi, yale madini meupe yanayometameta kwenye mchanga wa mto, hayaozi. Hubaki punje ngumu zenye ncha kali. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye ngazi 10, kwatzi iko ngazi ya 7, huku kioo cha kawaida kikiwa kwenye 5 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba vumbi la njia hizi linaweza kukwaruza hata kioo, sembuse plastiki na rangi. Mfinyanzi nao una kazi yake mbaya: unaganda kwenye bodi na kuzishika zile punje za kwatzi zisidondoke. Zaidi ya hayo, miteremko ya mashariki, ambako Mkuyuni ipo, inapokea upepo wa Bahari ya Hindi na kupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi wa mlima. Gari linaweza kutoka mjini likiwa limefunikwa vumbi na kurudi jioni likiwa limekandikwa tope, na yote mawili yamebeba kwatzi ileile.

Rangi na taa zinazopambana na vumbi hilo ni dhaifu kuliko wengi wanavyodhani. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na klia peke yake haifiki hata nusu yake. Vioo vya taa vya magari ya siku hizi tunaviita vioo kwa mazoea tu, kwani ni plastiki ya polikaboneti. Plastiki hii haipasuki kirahisi ikipigwa na jiwe, na hiyo ni faida kubwa, lakini ni laini, na mionzi ya jua huigeuza njano. Kinachoilinda ni utando mwembamba mgumu uliopakwa kiwandani. Utando huo ukishakwaruzwa, jua linaingia kazini. Wapo wanaosugua taa kwa dawa ya meno au kwa msasa wa maji, wakafurahi kuona zimerudi kung'aa. Zinang'aa kweli, lakini kusugua kumeondoa na mabaki ya ule utando, na baada ya muda taa zinakuwa na ukungu mzito kuliko wa kwanza. Anayepiga msasa hana budi kumaliza kwa kupaka klia yenye kinga dhidi ya jua. Asipofanya hivyo, amenunua mwanga wa miezi michache kwa gharama ya taa nzima.

Sasa mwendo. Nguvu ya kokoto inapogonga taa haiongezeki sawa na mwendo; inaongezeka kwa mraba wake. Gari likipunguza kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 40, pigo la jiwe lililo angani mbele yake linashuka hadi robo. Magari mawili yakipishana kila moja likiwa na 60, jiwe lililorushwa linaweza kukutana na taa kwa mwendo unaokaribia 120. Madereva wote wawili wakishuka hadi 40, pigo linakuwa chini ya nusu ya lile la kwanza. Hakuna wavu wala ngao iuzwayo inayotoa unafuu wa namna hiyo bila kuongeza uzito hata wa gramu moja. Umbali nao hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Jiwe linalorushwa na tairi la lori la ndizi au la kokoto haliruki mbali. Linaanguka baada ya muda mfupi, na anayeligonga ni yule aliyeng'ang'ania nyuma akitafuta nafasi ya kupita. Anayekaa mbali hadi vumbi lianze kutulia haepuki mawe peke yake. Anaona pia shimo, mbuzi na mtoto wa shule. Dereva akipishana na gari jingine palipo finyu, asimame kabisa kando ampishe mwenzake. Kusimama kwa sekunde chache ni nafuu kuliko taa mpya.

Jambo la tatu, la kuosha, ndilo ninaloamini linaharibu rangi nyingi zaidi kuliko vichaka vyote vya njia za Kinole na Tegetero vikijumlishwa, kwa sababu linafanyika kila siku na linafanyika kwa nia njema. Gari likiingia uani, mtu hutwaa kitambaa kikavu na kulifuta ling'ae kabla bosi hajatoka. Tukikumbuka kilichomo ndani ya vumbi, kitambaa kile ni msasa. Mikwaruzo inayoonekana kama utando wa buibui kwenye boneti na kwenye taa, hasa jua linapopiga kwa upande, haikutokana na safari. Ilitokana na usafi. Njia iliyo sahihi haina siri. Maji yatangulie bila mkono kugusa bodi, yamwagwe kutoka juu kwenda chini hadi tope lilainike na kuteremka lenyewe. Ndipo ije sabuni ya gari na kitambaa laini, pamoja na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa ili kwatzi isirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa nta inayoilinda rangi, basi tuiache kwa nguo. Anayeosha asisahau ndani ya madigadi, chini ya milango na kwenye vijitundu vya kutolea maji, kwani tope lililobanwa humo hukaa na unyevu kwa siku nyingi na kutu huanzia huko, pasipoonekana. Utomvu wa fenesi au wa mgomba uliodondokea bodi wakati wa kupakia mizigo uondolewe siku hiyohiyo ukiwa bado mbichi.

Hapo huulizwa swali la haki: maji yote hayo yatoke wapi? Wengi hujibu kwa kuingiza gari mtoni. Jibu hilo halikubaliki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imezuia shughuli zinazoweza kudhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na mafuta yanayotoka chini ya gari ni madhara yasiyohitaji ushahidi zaidi. Mito ya upande huu inalisha Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Lakini ulinzi ninaouzungumzia hauhitaji mto. Dumu moja la lita 20 linatosha kuosha taa, kioo cha mbele na boneti, zile sehemu zinazopokea mapigo. Bodi iliyobaki inaweza kusubiri gari lifike penye maji, kwa sharti kwamba isifutwe kavu. Gari lenye vumbi liachwe na vumbi lake. Vumbi hilo haliidhuru rangi hadi litakaposuguliwa.

Kwa nini taa zitangulie? Mkuyuni iko mashariki mwa safu, hivyo jua linafichwa na mlima kabla ya machweo yenyewe, na katika latitudo zetu giza haliji polepole. Ni saa hiyo wakulima wanaporudi wakiwa na mizigo kichwani, na bodaboda zinaposhuka na mikungu ya ndizi, katika barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Gari lenye kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari, tayari amekula mita 25, na kusimama juu ya changarawe kunaweza kudai 35 nyingine. Jumla ni mita 60, na taa zisizo za fulu, hata zikiwa nzima, hazimuliki mbali kuliko hapo. Zikifubaa au zikipakwa tope, mtu anaonekana akiwa ameshafikiwa. Tena ukungu wa taa hauzuii mwanga tu, unautawanya, ukamwingia machoni anayekuja mbele. Dereva anayekimbilia balbu kali zaidi kuponya ukungu anaongeza mng'ao huo, na joto la ziada linaweza kuunguza kioo cha ndani kinachorudisha mwanga. Mkwaruzo wa mlangoni hauna madhara yanayofanana na haya.

Sasa nirudi kwenye vifaa. Hoja ya wavu wa chuma mbele ya taa ina historia nzito. Land Rover ya kwanza kabisa, ya mwaka 1948, ilikuwa na taa zilizofichwa nyuma ya wavu wa mbele. Miaka michache baadaye zikatolewa nje ya wavu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamishiwa kwenye mabawa. Magari ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalijulikana kwa ngao na nyavu zake. Lakini yale yalikuwa magari ya mbio, yenye mafundi wakisubiri kila kituo na taa za ziada za kufidia mwanga uliopotea. Wavu wa nondo nene huzuia sehemu ya mwanga, na tope likiganda kwenye matundu yake huzuia zaidi, huku mkono wa kusafisha ukishindwa kupita. Basi wavu uwe mwembamba, wenye matundu mapana, unaofunguka kwa mkono bila spana, na ufunguliwe giza linapokaribia. Bora kuliko huo ni plastiki angavu ya kubandika iliyotengenezwa kwa ajili ya taa. Inapokea punje za kwatzi badala ya ule utando wa kiwandani, na ikichakaa inabanduliwa. Ngao ngumu ina maana kuelekea Kisaki, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako mnyama barabarani ni jambo la kutarajiwa. Kwenye vijiji vyenye watu, ngao ileile humvunja mwenda kwa miguu vibaya zaidi, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo ya kuzibana mwaka 2005. Kifaa ninachokipendekeza bila shaka yoyote ni madigadi marefu ya mpira nyuma ya kila tairi, hata yakikatwa kwenye tyubu kuukuu. Hayo hulinda bodi ya gari lenyewe na taa za anayefuata.

Wapo watakaosema gari la kazi halihitaji urembo. Nakubaliana nao kuhusu urembo. Rangi, hata hivyo, ni ngozi ya chuma. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aloi ya alumini, haishikwi na kutu nyekundu hata ikichubuka, ingawa fremu yake ni ya chuma. Bodi ya Land Cruiser ni chuma kitupu. Kidonda cha kokoto kilichofika kwenye chuma kikiguswa kwa praima na rangi wiki hiyohiyo ni kazi ya dakika chache, na kikiachwa kipite masika mawili ni kazi ya kukata bati, kupiga puti na kupuliza upya. Pingamizi lililo zito kuliko hilo ni la dereva wa gari la wagonjwa: mama mwenye uchungu wa kujifungua hangoji vumbi litulie. Ni kweli, na kwa gari hilo sheria ya mwendo niliyoieleza haiwezi kushikwa kila safari. Kwa sababu hiyo hasa, plastiki ya taa na madigadi mapya vianzie kwenye gari la wagonjwa kabla ya gari la mkurugenzi. Dereva wake pia azime taa zipate kupoa, hali ya mgonjwa ikiruhusu, kabla ya kuvuka maji yanayofika kwenye bampa, maana taa ya kioo iliyo moto ikikutana na maji baridi huweza kupasuka.

Wasimamizi wa magari mliopo hapa, ongezeni mstari mmoja katika daftari la safari: hali ya taa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, dereva atie sahihi. Wekeni dumu la maji na kitambaa laini katika kila gari, na katazeni kitambaa kikavu kuanzia leo. Na bajeti ijayo itakapoandaliwa, kioo cha taa kiandikwe juu ya rangi.