Mzee Mwai Kibaki: Kazi Yake na Nyumba Yake



Kabla ya Ikulu kulikuwa na kijana wa Gatuyaini, Othaya, ambaye likizo za shule zilipofika alikuwa kondakta wa mabasi ya Othaya African Bus Union. Alikata tiketi, akahesabu senti za watu, kisha akarudi darasani. Kutoka Karima na Mathari alifika Mang'u, halafu Makerere, alikopata shahada ya uchumi ya daraja la kwanza mwaka 1955. Akaendelea na masomo London, akarudi Makerere kufundisha.

Mwaka 1960 aliacha uhadhiri akaja kuwa afisa mtendaji wa KANU, wakati chama hicho hakijashika hata serikali. Kwa mtu wa hesabu, huo ulikuwa uamuzi wa ajabu kidogo.

Ni siku hizo alipokutana na Lucy Muthoni, mwalimu, binti wa mchungaji kutoka Mukurwe-ini. Walioana, wakajaliwa watoto wanne, na ndoa yao ikadumu zaidi ya miaka 50. Humo ndani kulikuwa na vyeo na kushushwa vyeo: Waziri wa Fedha kuanzia 1969 hadi 1982, Makamu wa Rais kuanzia 1978, kisha mwaka 1988 akapelekwa Wizara ya Afya. Aligombea urais mwaka 1992 akashindwa, akarudi 1997 akashindwa tena.

Tarehe 3 Desemba 2002, kampeni zikiwa zimepamba moto, alipata ajali mbaya ya gari. Tarehe 30 mwezi huohuo aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani anajua miezi inayofuata ajali kama hiyo inavyokuwa, hata nyumba ikiwa Ikulu.

Lucy hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 2005 aliingia usiku katika chumba cha habari jijini Nairobi kulalamikia alivyoandikwa, na nchi nzima ikazungumza. Mumewe, ambaye jukwaani hakuona taabu kumwita mtu "bure kabisa", alibaki kimya.

Kazi yake iko wazi kwa macho. Januari 2003 ada zilifutwa katika shule za msingi za umma, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata hata Mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza. Madarasa yalifurika na walimu wakalemewa, hilo nalo lisemwe. Mwaka 2003 pia marufuku ya Mau Mau, iliyobaki tangu ukoloni, iliondolewa. Kwa familia za Nyeri zilizokuwa na watu msituni, hilo halikuwa jambo la makaratasi tu.

Kisha kuna doa la uchaguzi wa 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Hakuna kumbukumbu ya haki inayoweza kuruka ukurasa huo. Februari 28, 2008, alitia sahihi mkataba wa kugawana madaraka na Raila Odinga, na Agosti 27, 2010, akaidhinisha Katiba iliyozaa kaunti, hii ya Nyeri ikiwemo.

Aprili 9, 2013, alikabidhi madaraka akaondoka. Hakuwa mstaafu wa kuitisha wanahabari kila wiki kumfundisha kazi aliyemrithi.

Lucy alifariki London Aprili 26, 2016, akazikwa Othaya. Mzee aliishi karibu miaka sita bila yeye. Alifariki Aprili 21, 2022, siku tano kabla ya kumbukumbu ya kifo cha mkewe, na tarehe 30 akarudishwa Othaya kuzikwa nyumbani.